Je, Wajua? Taya Linaloalika na Waya za Meno

Weka ncha ya kidole cha shahada mbele kidogo ya kila sikio, pale penye kinyama kinachochungulia tundu. Fungua mdomo polepole, kisha ufunge. Kile unachokihisi kikiteleza chini ya ngozi ni kiungo cha taya. Unacho kulia na kushoto, na kinahangaika tangu mwayo wa alfajiri hadi tonge la mwisho la usiku. Kikianza kuuma, watu wengi hudhani ni sikio, au jino, au kichwa tu. Na kwa kuwa siku hizi kuweka waya za meno si jambo geni mijini, swali linalorudi kila mara ni hili: nikipanga meno, maumivu ya taya yataondoka? Jibu lipo, ila lina masharti.

Je, wajua kwamba ukiacha vijifupa vya ndani ya sikio, taya la chini ndilo mfupa pekee wa kichwa unaotembea? Viungo vyake viwili ni pacha waliofungwa kamba moja. Mfupa ni mmoja, hivyo upande wa kulia ukisogea, wa kushoto hauna budi kuitikia. Goti moja likiuma, unaweza kuuegemea mguu wa pili. Taya halina nafasi hiyo.

Je, wajua kwamba kiungo hiki ni bawaba na pia ni mtelezo? Kwa milimita 20 hadi 25 za kwanza za kufungua mdomo, kichwa cha taya huzunguka mahali pake kama bawaba ya mlango. Ukiendelea kufungua, hutoka katika kishimo chake na kuteleza mbele na chini, kikifuata kilima kidogo cha mfupa. Kati ya mfupa na mfupa kuna kisahani cha gegedu kinachosafiri nacho, huku na huko, mchana kutwa. Katikati ya kisahani hicho hakuna mshipa wa damu wala neva, na ndiyo maana kinaweza kubanwa mara maelfu bila wewe kusikia lolote.

Na ule mlio, "ka!", watu wanaouonea haya mezani? Mara nyingi kisahani kimetangulia mbele kuliko inavyotakiwa. Unapofungua mdomo, kichwa cha taya hukiruka ukingo ili kirudi juu yake, na hapo taya hualika. Ikiwa hauumi, na mdomo unafunguka sawasawa, mlio peke yake si ugonjwa wa kutibiwa. Watu wengi wenye afya njema wanao na watazeeka nao. Cha kuogopa ni mlio uliozoeleka kukoma ghafla, kisha mdomo ukagoma kufunguka. Hapo usifurahie ukimya. Kisahani kimekwama mbele na kimefunga njia.

Kipimo cha nyumbani: simamisha vidole vitatu vya mkono wako, cha shahada, cha kati na cha pete, kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Mtu mzima mwenye taya zima hufungua mdomo milimita 40 hadi 55, na vidole vitatu vyake mwenyewe huingia bila kulazimisha. Vikiingia viwili tu, nenda ukaonwe.

Je, wajua kwa nini taya likiuma mkono hukimbilia sikio? Kiungo hiki na njia ya sikio hutenganishwa na ukuta mwembamba wa mfupa, na tawi lilelile la neva ya tano ya kichwa linalohudumia kiungo ndilo linalobeba hisia za sehemu ya sikio na panja. Ubongo hupokea habari mbili kwa mlango mmoja. Mama yangu mzazi alitiwa matone ya sikio kwa miezi kadhaa, kituo hiki na kile, na sikio lake halikuwa na kitu. Siku daktari wa meno alipomwomba afungue mdomo, vidole viwili havikupita. Nikiikumbuka miezi ile bado naumia, na ndiyo sababu nimeitoa safu yote ya leo kwa jambo hili.

Udugu wa sikio na taya ni wa kale kuliko binadamu. Mwaka 1837 mwanasayansi Mjerumani Karl Reichert alionyesha kwamba nyundo na fuawe, vijifupa viwili vya sikio la mamalia, vina asili moja na mifupa ambayo kwa mijusi na ndege ndiyo kiungo cha taya. Sisi tunasikia kwa mifupa ambayo mababu wa mbali wa mamalia waliitumia kutafunia.

Je, wajua kwamba tiba ya taya iliandikwa Misri miaka zaidi ya 3,500 iliyopita? Katika gombo la mafunjo linaloitwa kwa jina la Edwin Smith, Mmarekani aliyelinunua Luxor mwaka 1862, kisa cha 25 kinaeleza mtu ambaye taya lake limechomoka, mdomo umebaki wazi hawezi kuufumba. Mganga anaagizwa aweke vidole gumba ndani ya mdomo, kwenye ncha za taya, vingine chini ya kidevu, kisha alirudishe nyuma likae mahali pake. Daktari wa leo katika chumba cha dharura hufanya hivyohivyo, ila amevaa glovu.

Sasa tuingie kwenye meno, maana hapa pana historia ya mashaka ambayo kila anayefikiria kuweka waya anapaswa kuijua.

Mwaka 1934, huko St. Louis, Marekani, daktari wa masikio na koo James Costen aliandika kuhusu wagonjwa waliokuwa na masikio yaliyoziba, mlio wa sikio, kizunguzungu na maumivu ya uso. Alidhani chanzo ni magego yaliyopotea: taya la chini likikosa pa kuegemea hupanda kupita kiasi, kichwa chake kikakandamiza neva na sikio. Wataalamu wa maumbile ya mwili walikuja kuyakataa maelezo hayo. Lakini wazo kwamba namna meno yanavyokutana ndiyo mama wa maumivu ya taya lilikwisha kuota mizizi, na kwa miongo mingi meno mazima yalisagwa, yakavikwa kofia, yakapangwa upya, kwa imani hiyo.

Kisha upepo ukageuka. Mwaka 1987 huko Michigan mahakama ilisikiliza madai ya msichana aliyetibiwa meno ya nje akiwa na miaka 16. Alikuwa ameng'olewa magego madogo mawili ya juu na kuvalishwa waya. Alidai kwamba tiba hiyo ndiyo iliyomharibia viungo vya taya. Jopo la wananchi lililosikiliza kesi likamtunuku dola 850,000. Tangu Costen, meno mabaya yalilaumiwa kwa kuumiza taya. Sasa hata kuyapanga vizuri kulilaumiwa!

Hofu ile ilizaa utafiti mwingi, na hilo lilikuwa jema. Mwaka 1995 James McNamara, Donald Seligman na Jeffrey Okeson walikusanya matokeo ya tafiti zilizokuwepo. Waliona kwamba mtu aliyewekwa waya ujanani hapati maumivu ya taya zaidi ya mwenzake asiyewekwa, wala hapati pungufu. Kung'oa magego madogo ili kupata nafasi hakuongezi hatari. Aina ya waya haibadilishi hesabu. Miaka 15 baadaye, mwaka 2010, mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, yalitafuta majaribio ya kuaminika yaliyopima waya kama dawa ya maumivu ya taya. Hayakupata hata moja lililofikia kiwango.

Nilipoyasoma haya mara ya kwanza nilivunjika moyo. Baadaye nilielewa kwamba yanamlinda mgonjwa. Mtu akikuambia, "Weka waya, maumivu ya taya yataisha," anakuuzia ahadi ambayo sayansi haijaitia sahihi. Na mtu akikutisha usiweke waya kwa kuwa zitakuharibia taya, naye hana ushahidi.

Je, wajua jaribio la karatasi ya dhahabu? Watafiti wa Naples, Italia, wakiongozwa na Ambra Michelotti, waliwachukua wanawake vijana wenye afya, wakawagandishia kwenye gego kipande kidogo cha dhahabu nyembamba ili meno yasikutane vizuri, wakapima misuli ya kutafunia kwa siku kadhaa. Walichochapisha mwaka 2005 kiliwashangaza wengi: misuli haikukaza zaidi. Ililegea. Mwili ulikikwepa kile kikwazo, na hakuna aliyepata ugonjwa wa taya. Kwa mtu mwenye afya, basi, jino lililo juu kidogo si lazima liwashe moto. Kwa aliyekwisha kuwa na maumivu, au mwenye tabia ya kukaza meno, mambo yanaweza kuwa mengine, kwa sababu yeye hakwepi. Anaendelea kuling'ang'ania.

Basi maumivu yanatoka wapi? Utafiti mkubwa ulioanza Marekani mwaka 2006, uitwao OPPERA, uliwafuatilia watu wazima wapatao 2,700 waliokuwa hawana tatizo la taya. Kila mwaka karibu 4 katika kila 100 walipata maumivu kwa mara ya kwanza. Waliokuwa hatarini zaidi walikuwa wale wasiolala vizuri, wenye msongo wa mawazo, wanaovuta sigara, wenye maumivu mengine mwilini kama mgongo na kichwa, na wenye mazoea ya kukaza taya. Huko Los Angeles mwaka 1993 Pullinger na wenzake walikuwa wameshapima sehemu ya meno peke yake, wakakadiria kwamba mpangilio wake huchangia asilimia 10 hadi 20 hivi ya picha nzima.

Asilimia 10 hadi 20 si sifuri. Mwenye waya amepewa eneo dogo la kazi, lakini ni eneo la kweli, na ndilo ninalotaka tukae nalo.

Tumchukue mtoto wa miaka minane ambaye kaakaa lake ni jembamba. Anapofunga mdomo, meno ya juu na ya chini yanagongana ncha kwa ncha, na hapati pa kutafunia. Anafanya nini? Anasogeza taya upande, labda kushoto, mpaka meno yashikane. Ukimtazama usoni, kidevu kimekwenda pembeni. Ukitazama meno, yale ya juu ya upande huo yameingia ndani ya yale ya chini, kinyume na utaratibu. Ndani ya viungo, kichwa kimoja cha taya kimevutwa mbele na cha pili kimesukumwa ndani ya kishimo chake. Na huyu anakula hivyo mara tatu kwa siku, kila siku, akiwa bado anakua.

Je, wajua kwamba kaakaa la mtoto huyo linaweza kupanuliwa? Katikati yake kuna mshono ambao bado haujaungana. Daktari bingwa wa kupanga meno huweka kipanuzi chenye parafujo ndogo, na mama nyumbani hukizungusha kwa ufunguo, robo ya milimita hivi kwa kila mzunguko. Emerson Angell wa San Francisco aliieleza njia hiyo mwaka 1860. Kaakaa likitanuka, meno hupata mahali pa kukutana, na taya hurudi katikati lenyewe. Faida iliyo wazi ni kwamba uso na viungo vinakua sawa pande zote mbili. Mtoto anapozaliwa, kishimo cha kiungo cha taya ni bapa karibu kama kiganja, na kile kilima cha mfupa huinuka kadiri meno yanavyoota. Kiungo na meno vinafinyangwa pamoja, kwa hiyo umri huu ndio wa kurekebisha. Mzazi, ukimwona mwanao akifunga mdomo kidevu kikienda pembeni, usingoje ajirekebishe akikua.

Wa pili ni mwenye meno ya nje sana, yaliyochomoza mbele ya yale ya chini kwa zaidi ya milimita sita. Ili afumbe midomo au akate kipande cha mkate, inambidi alisukume taya mbele kutwa nzima. Misuli huchoka kama mkono uliobeba ndoo bila kuitua. Yakirudishwa meno, taya linapata pa kupumzika. Wapo pia ambao magego tu ndiyo yanakutana. Mbele pamebaki wazi, ulimi unapita, na muwa au sambusa hukatiwa pembeni.

Lakini kwa huyu wa mbele wazi nina neno la tahadhari, na naomba lisomwe mara mbili. Akiwa amekua hivyo tangu utoto, ni suala la mpangilio. Akiwa ni mtu mzima ambaye mwaka juzi alikuwa anakata uzi kwa meno na leo hawezi, basi huenda kiungo chenyewe kinalika. Baridi yabisi hufanya hivyo, hata ile ya watoto, na upo ugonjwa ambao kichwa cha taya husinyaa bila sababu kujulikana, zaidi kwa wasichana na wanawake vijana. Hapo meno ni dalili tu. Kumfunga waya mtu huyu kabla ya ugonjwa kutulizwa ni kupaka rangi ukuta ambao msingi wake unazama.

Na kuna kundi ambalo kwetu ni kubwa, la waliong'olewa magego. Jino likiuma, ling'olewe, na pengo libaki. Pengo halikai tupu. Gego la nyuma hulalia mbele, la juu hushuka kujaza nafasi, na kutafuna huhamia upande mmoja. Daktari wa kupanga meno anaweza kulisimamisha gego lililolala, akarudisha nafasi iliyopotea, ili mwenzake apate pa kupandikiza jino au kuweka daraja. Ni kazi isiyopigwa picha za tabasamu, na kwa maoni yangu ndiyo inayorudishia watu wetu wengi zaidi uwezo wa kula kwa amani.

Je, wajua kwamba mwanya hauna kosa? Mapambo hayo ya meno mawili ya mbele ya juu hayagusi kiungo cha taya kwa lolote. Ukitaka uzibwe, ni hiari yako. Ukiupenda, mwambie daktari auache.

Utaratibu ni muhimu kuliko waya zenyewe. Maumivu hutulizwa kwanza, waya hufuata. Mwaka 1996 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani ziliitisha mkutano wa wataalamu, na ushauri uliotoka ulikuwa wa kuanza na tiba zinazoweza kurudishwa nyuma. Ukivaa kikinga meno cha plastiki usiku na hakikusaidii, unakivua, umebaki vilevile. Jino lililosagwa halikui tena. Jino lililohamishwa lina njia ndefu ya kurudi. Kwa hiyo daktari mwangalifu hutuliza misuli kwanza, huangalia kwa miezi kadhaa kama taya limetulia mahali pamoja, ndipo anapopima meno kwa kufuata mahali hapo taya lilipotulia. Akipima wakati misuli imekakamaa, anapima taya lililojipinda kwa maumivu, na atapanga meno yalingane na upotovu huo.

Mwongozo wa kimataifa uliochapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2023 kwa wenye maumivu sugu ya taya uliweka mbele mazoezi ya taya na kulinyoosha, kukandwa misuli na mtaalamu, na tiba ya mazungumzo ya kubadili fikra na mazoea. Kikinga meno haukukipa cheo kikubwa, na tiba zisizorudishika za kubadili meno uliziwekea alama nyekundu. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari si "nitavaa waya gani?" Muulize hivi: "Maumivu yangu yanatoka kwenye misuli, kwenye kisahani, au kwenye mfupa? Na umejuaje?" Kisahani huonekana kwa kipimo cha MRI. Eksirei ya kawaida ya meno haikionyeshi.

Je, wajua jino hutembeaje ndani ya mfupa? Waya hulisukuma kwa nguvu ndogo isiyokoma. Upande unaobanwa, chembe hai za mwili humega mfupa. Upande unaovutwa, chembe nyingine hujenga mfupa mpya. Mwendo wake ni karibu milimita moja kwa mwezi, na ndiyo maana tiba huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili, mara nyingine zaidi. Anayekuahidi wiki chache, mwache.

Waya laini ya siku hizi, nitinoli, imetokana na maabara ya silaha ya jeshi la wanamaji la Marekani. William Buehler aliigundua huko karibu na mwaka 1960 akitafuta madini ya vichwa vya makombora. Jina lake limebeba nikeli, titani, na herufi za mwanzo za Naval Ordnance Laboratory. Ukiikunja, hukumbuka umbo lake na kurudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 George Andreasen wa Iowa aliileta kwenye meno. Mwenye taya linalouma ana sababu ya kuishukuru, kwa kuwa husukuma kwa upole.

Ukishawekwa waya, meno yatauma siku mbili tatu kila zikazwapo. Hayo ni ya meno. Yakihamia mbele ya sikio, au mdomo ukaanza kukataa kufunguka, mwambie daktari siku hiyohiyo. Anaweza kukuondolea vimpira vinavyovuta taya, akapunguza nguvu, au akasimamisha kazi mpaka litulie. Kusimama si kushindwa, na asikuone msumbufu.

Wachache watahitaji upasuaji wa kuhamisha mataya pamoja na waya. Hapo tofauti ya urefu au upana wa mifupa imepita uwezo wa meno kujipanga. Kuhusu upasuaji wa kufungua kiungo chenyewe, kumbukeni yaliyotokea Marekani. Katika miaka ya 1980 maelfu ya wagonjwa walibadilishiwa kile kisahani kwa bandia za kampuni ya Vitek, zilizotengenezwa kwa Teflon, hiyohiyo iliyo ndani ya kikaango kisichogandisha. Zilimomonyoka kwa kusagwa, na vumbi lake likaufanya mwili ushambulie mfupa. Mwanzoni mwa 1991 ziliondolewa sokoni kwa amri ya serikali. Wapo waliobaki na uso ulioharibika na maumivu makubwa kuliko yale waliyoingia nayo hospitalini.

Ya haraka haraka sasa. Je, wajua kwamba ukijumlisha kula na kumeza, meno yanapaswa kugusana kwa dakika zipatazo 20 tu kwa siku nzima? Zilizobaki, midomo ifumbwe, meno yaachane, ulimi upumzike kwenye kaakaa. Jichunguze sasa hivi unaposoma: meno yako yamegusana?

Wanaougua zaidi maumivu ya taya ni wanawake, hasa kati ya miaka 20 na 40.

Mirungi hutafunwa kwa saa nyingi shavu moja likiwa limejaa. Misuli ya taya haikuumbwa kwa zamu ndefu hivyo, na anayeitafuna huku akitafuta tiba ya taya anavuta kamba pande mbili. Chingamu ya kutwa nzima nayo imo.

Mtoto akisaga meno usingizini, bibi atasema ana minyoo. Apimwe choo, hakuna ubaya, lakini watoto wengi husaga bila mnyoo hata mmoja na huacha wenyewe wakikua. Mtu mzima anayeamka na panja zinazouma na meno yaliyopungua urefu, huyo ndiye wa kwenda kwa daktari.

Taya likiuma: kitambaa cha maji ya moto kwenye shavu, dakika kumi hadi kumi na tano, asubuhi na jioni. Uji, ndizi za kupika, maharage yaliyoiva vizuri kwa wiki mbili. Ukipiga mwayo, zuia kidevu kwa ngumi. Mahindi ya kuchoma yangoje.

Na waya zikishatolewa, jino halikai bila kulindwa. Lina nyuzi kwenye ufizi zinazolivuta kurudi lilikotoka, kwa hiyo utapewa kishikizo cha kuvaa usiku, pengine kwa miaka. Kwa mwenye historia ya taya, kishikizo hicho ni mlinzi wa zamu mbili. Kikianza kugoma kuingia ilhali umekivaa kila usiku, au asubuhi moja ukakuta meno ya mbele hayagusani tena, kipeleke pamoja nawe kwa daktari na umwambie akague kiungo kabla ya kugusa meno.